Konsati ya Krismasi Ilikuwa Inakuja Kwako

Wacha nianze na aibu yangu, ndiyo msiseme najifanya mwalimu. Desemba mwaka juzi, mimi na wasee watano tuliandaa konsati ya Krismasi hapa Lwakhakha. Tulikodi ukumbi, tukaleta spika kutoka Chwele, tukachapisha mabango, tukaweka tiketi shilingi mia mbili. Bendi ilikuwa kali: gitaa mbili, kinanda, dramu kamili. Tarehe 24 jioni tukafungua mlango. Waliolipa walikuwa kumi na tisa, na wanne kati yao ni binamu zangu. Deni la spika sijamaliza mpaka leo.

Kesho yake, Krismasi yenyewe, nimelala na hasira zangu, nikasikia ngoma barabarani. Kikundi cha kanisa kilikuwa kinatoka sokoni kuelekea daraja la mpakani. Ngoma moja kubwa, matari, tarumbeta mbili zilizobonyea. Hakuna bango, hakuna tiketi. Nyuma yao watu walikuwa wengi mpaka nikaacha kuhesabu: watoto, watu wa bodaboda, wabadilishaji pesa, hata mama wa mandazi aliyemwachia jirani karai lake. Kukhu, yaani nyanya yangu, alinikuta nimesimama mlangoni kama nguzo. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe uliwaita watu. Hawa wamewafuata."

Hiyo sentensi imenisumbua mwaka mzima. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya historia ya kuwatishia nayo. Lakini nina bando na nina muda. Nikaanza kusoma: hii kitu ya bendi ya Kikristo kuzunguka na nyimbo za Krismasi ilianzia wapi? Na sisi tulikosea wapi?

Tuanze na tulikoiga. Wazo letu lilitoka kwa simu. Kama unapenda gospo ya roki unawajua for KING + COUNTRY, ndugu wawili, Joel na Luke Smallbone, waliozaliwa Australia na kukulia Marekani. Mwaka 2020 walitoa albamu ya Krismasi, A Drummer Boy Christmas, na wamekuwa wakizunguka Marekani na ziara yenye jina hilo Desemba baada ya Desemba. Taa, moshi, na ngoma zinazopigwa mpaka kifua chako kinatetemeka hata ukiwa umeshika simu tu. Tuliangalia hizo video tukasema, Krismasi yetu lazima ikae hivyo.

Hatukujiuliza huo wimbo wenyewe unasema nini. Uliandikwa Marekani mwaka 1941 na Katherine Kennicott Davis, mwalimu wa muziki. Ni hadithi ya kijana maskini anayefika mbele ya mtoto Yesu bila zawadi yoyote. Kitu pekee alicho nacho ni ngoma, basi anaipiga. Sasa fikiria: tulitaka kuimba habari za kijana asiye na kitu, halafu mlangoni tukaweka mtu wa kuuliza mia mbili. Huyo kijana mwenyewe hangeingia kwetu.

Hebu sasa turudi nyuma zaidi, kwa wale wenye tarumbeta.

Mwaka 1878, katika mji wa Salisbury kule Uingereza, Jeshi la Wokovu lilikuwa changa. Hilo jina lenyewe walikuwa wamelipata mwaka huohuo, ingawa William Booth alianza kazi yake mitaa ya maskini ya London mwaka 1865. Wahubiri wao wakisimama sokoni walikuwa wanapigwa na wahuni. Mjenzi mmoja, Charles Fry, na wanawe watatu wakajitolea kusimama nao kama walinzi. Familia hiyo ilijua muziki, basi siku wakienda kulinda wakabeba na vyombo vyao: kornet mbili, tromboni na tuba ndogo. Watu wakasimama kusikiliza. Ndiyo hivyo bendi za Jeshi la Wokovu zilivyoanza, maze. Hakuna mkutano uliokaa ukapanga. Ni mabaunsa waliokuja na tarumbeta.

Desemba ya mwaka uliofuata, 1879, huko Consett kaskazini mwa Uingereza, kikundi kidogo kikatoka na vyombo vyake, na ndicho kinachohesabiwa kuwa bendi ya kwanza ya kanisa la mtaa katika Jeshi hilo. Toka hapo, tarumbeta za Jeshi la Wokovu barabarani zikawa sehemu ya Krismasi ya Waingereza.

Usidhani walipendwa. Wenye baa waliona biashara inaharibika. Miaka ya 1880 likatokea kundi lililojiita Jeshi la Mifupa, wanabeba bendera zenye mafuvu, wanarushia bendi mawe na mayai yaliyooza. Mji wa Eastbourne ulikuwa na sheria ya kukataza maandamano yenye muziki siku ya Jumapili, na mwaka 1891 watu walifungwa jela kwa kuivunja. Waliendelea kupiga na kufungwa, kufungwa na kupiga, mpaka Bunge likaifuta sheria hiyo mwaka 1892. Kwa hivyo ukisikia mzee anasema bendi za siku hizi zina kelele sana kwa kanisa, mwambie kwa heshima kwamba kuna watu walilala rumande kwa sababu ya kelele za aina hiyo.

Jeshi la Wokovu likafika Kenya mwaka 1921. Leo Kenya ni moja ya nchi zenye Wasalvesheni wengi zaidi duniani, na huku Magharibi ni wengi mpaka mwaka 2008 kazi yao nchini ikagawanywa mara mbili, upande wa magharibi ukapewa makao yake makuu Kakamega. Pamoja na biblia na sare zilikuja tarumbeta. Kukhu anasema alipokuwa msichana, hujui Krismasi imefika kwa kuangalia kalenda. Unajua kwa kusikia ile ngoma kubwa ikipanda mlima, nyumba kwa nyumba, na kila boma linatoa kitu: ndizi, chai, kuku kama mambo ni mazuri. Asiye na kitu anaimbiwa pia.

Lakini kutembea na ngoma hatukufundishwa na Mzungu. Sisi Wabukusu, na ndugu zetu Wagisu ng'ambo ya huu mto, mtoto wa kiume akienda kutahiriwa anazunguka kwa jamaa zake na njuga mikononi, na kundi zima liko nyuma linaimba. Mtu anafuatwa nyumbani. Ndugu anaalikwa kwa kutembelewa, si kwa bango. Nafikiri ndiyo maana zile bendi za tarumbeta zilipofika hapa hazikuonekana ngeni. Zilikuta barabara imeshakanyagwa.

Na kuna wengine. Marafiki, wale tunaowaita Quakers, walijenga misheni Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1927 baadhi ya waumini wao walianza kuomba kwa sauti, kwa kushukiwa na Roho, na viongozi hawakufurahia. Wakatoka. Kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho, wale unaowaona wamevaa nguo nyeupe, wanatembea barabarani na ngoma na bendera. Wengi tunawacheka tukiwa ndani ya matatu. Mimi nimeacha. Hao ndio wamekuwa kwa ziara miaka yote hiyo, bila mfadhili na bila spika za kukodi.

Sasa gitaa. Kuna watu huku wanaamini gitaa la umeme liliingia kanisani juzi na ni la shetani. Mwaka 1963 Jeshi la Wokovu lilipata mkuu mpya, Jenerali Frederick Coutts. Akawaambia waandishi wa habari kwamba wako tayari kufuata vijana mpaka kwenye mikahawa ya kahawa, hata kwa magitaa. Wakati huo Beatles ndio walikuwa wameshika Uingereza nzima. Vijana wa chuo cha Jeshi hilo London, wakiongozwa na Kapteni Joy Webb, wakajikuta wamekuwa bendi: Joystrings. Walivaa sare ileile ya kanisa, wakashika magitaa ya umeme, wakapiga hata kwenye klabu ya usiku. Mwaka 1964 wimbo wao wa kwanza uliingia kwenye chati za Uingereza, na Desemba ya mwaka huohuo wimbo wao wa Krismasi ukaingia pia. Bendi ilivunjika 1969, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Mnaona mstari? Kornet ya 1878, ngoma iliyopanda mlima wa kukhu, gitaa la 1964. Vyombo vinabadilika, lakini kila mara hao watu waliuliza swali moja: watu wako wapi, tuwaendee? Sokoni, barabarani, bomani, klabu. Sisi tuliuliza swali lingine: watu watafikaje kwetu, na watalipa ngapi?

Sisemi tiketi ni dhambi. Ziara ina gharama, na hao akina Smallbone wanajua kuliko mimi. Baba yao, David, alikuwa anaandaa konsati za gospo Australia. Ziara moja ikamla pesa vibaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akahamisha familia nzima kwenda Nashville, ambako walianza maisha kwenye nyumba isiyo na fanicha. Hadithi hiyo imetengenezwa filamu, Unsung Hero, ya 2024. Niliiona nikakumbuka deni langu la spika, nikacheka kidogo, halafu nikanyamaza. Mwanamuziki lazima ale. Fundi wa taa lazima alipwe. Na mwaka 2020 korona ilipofunga kumbi, hata for KING + COUNTRY walilazimika kufanya ziara yao ya Krismasi kwenye viwanja vya kuegesha, watu wakiwa ndani ya magari yao.

Pesa pia ina historia yake, na ni nzuri. Mwaka 1891 huko San Francisco, Kapteni Joseph McFee wa Jeshi la Wokovu alitaka kuwalisha maskini elfu moja siku ya Krismasi na hakuwa na hela. Akatundika sufuria mahali watu wanaposhukia feri, kila anayepita adondoshe kitu. Chakula kikapatikana, na mpaka leo hiyo sufuria nyekundu hutokea Marekani kila Krismasi. Angalia vizuri ilipowekwa. Mwenye nacho anatoa, asiye nacho anapita na kusikiliza, na hakuna anayeachwa nje, kwa sababu hakuna nje.

Hapa Lwakhakha, Desemba ndiyo wakati mji unajaa. Watu wanarudi kutoka Nairobi, nauli imepanda, mfukoni wengi wamebaki na ya kurudia tu. Kuna vijana wamekaa mwaka mzima bila kazi na hawataki kuonekana wamesimama nje ya ukumbi kwa kukosa mia mbili. Mwaka juzi niliwaona, walikuwa kama thelathini, wamesimama ng'ambo ya barabara wanasikiliza kupitia ukuta. Nilikasirika wanasikiza bure. Leo naona hao ndio walikuwa hadhira yetu, na tuliwafungia mlango usiku wa Krismasi.

Kwa hivyo mwaka huu tumebadilisha. Tarehe 24 saa kumi tunaanza stejini, tunapita sokoni, tunaishia karibu na daraja, ili hata wa ng'ambo wasikie. Gitaa na spika ndogo zitakuwa kwa mkokoteni. Nimeongea na wale wenye tarumbeta zilizobonyea, wamekubali kutangulia. Nyuma ya mkokoteni kutakuwa na sufuria, na itakayopatikana tutagawa mara mbili: nusu kwa bendi, nusu unga na sukari kwa wazee wanaoishi peke yao.

Nilimwambia kukhu mpango wote. Akauliza kitu kimoja tu: "Mtapita hapa kwangu?"

Nikamwambia tutaanza na yeye.