Kitabu kilichoandikwa na mama mja mzito

Nyumbani kwetu kuna kitambaa cha meza chenye rangi tatu zisizopatana: kijani, kahawia na nyekundu iliyopauka. Mama yangu alikifuma mwaka 1983, akiwa na mimba yangu. Wanaoukumbuka mwaka ule hapa Tanzania hawahitaji kuhadithiwa. Sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu, foleni zilianza alfajiri, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Uzi wa kufumia haukupatikana, kwa hiyo mama alifumua masweta makuukuu. Mimba iliyonitangulia ilikuwa imeharibika, na alikuwa halali usiku kwa hofu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hakufuma kofia ya mtoto. Akanijibu kwamba kumwandalia nguo mtoto ambaye hajazaliwa ni kujichuria. "Basi nikafuma kitambaa cha meza," akasema. "Na meza yenyewe hatukuwa nayo."

Nimekikumbuka kitambaa hicho wiki hii baada ya kusoma tena habari za mwanamke mwingine, wa mbali na wa zamani, aliyefanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa kalamu. Wengi wetu tunalijua jina la Frankenstein kutokana na sinema za kutisha. Wachache wanajua kwamba Frankenstein si jina la lile zimwi bali la mtu aliyeliumba, na ni wachache zaidi wanaojua kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na msichana wa miaka 19 aliyekuwa mja mzito.

Jina lake ni Mary Shelley. Alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, mwandishi mashuhuri aliyetetea haki za wanawake, alifariki siku 11 baadaye. Kondo la nyuma halikutoka, daktari akalitoa kwa mkono vipande vipande, na homa ya uzazi ikamwua. Linalouma ni hili: miaka 2 kabla ya hapo, mwaka 1795, daktari mmoja wa Aberdeen, Alexander Gordon, alikuwa amekwisha kuandika kwamba homa hiyo huchukuliwa na madaktari na wakunga wenyewe kutoka kwa mzazi mmoja hadi kwa mwingine. Alikiri kwamba hata yeye aliisambaza. Wenzake hawakumsikiliza.

Kwa hiyo Mary alikua akijua kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikomwua mama yake. Inasimuliwa kwamba alijifunza herufi kwa kuzifuatisha kwenye jiwe la kaburi la mama huyo. Februari 1815 alijifungua binti kabla ya siku zake. Mtoto akafa katika majuma mawili. Katika shajara yake aliandika kwamba aliota mtoto yule alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, naye akafufuka.

Mwaka 1816 haukuwa mwaka mwema. Mlima Tambora, kule Indonesia, ulikuwa umelipuka Aprili 1815, na vumbi lake lilififisha jua hata Ulaya. Kiangazi kikawa cha baridi na mvua, mazao yakaoza, mkate ukapanda bei. Uingereza ilijaa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi, na watu wakafanya ghasia kwa njaa. Juni hiyo, kando ya ziwa la Geneva, Mary na wenzake walishindana kutunga hadithi za kutisha. Alikuwa na miaka 18 na mtoto mchanga mwingine, William. Hapo ndipo Frankenstein ilipoanza.

Yaliyofuata yangemvunja yeyote. Oktoba, dada yake wa mama mmoja alijiua. Desemba, mke wa kwanza wa Percy Shelley, mwenzi wa Mary, alikutwa amekufa maji, naye alikuwa mja mzito. Mary na Percy wakafunga ndoa tarehe 30 ya mwezi huo. Wakati huo huo mimba ya tatu ya Mary ilikuwa imeanza. Hakuiweka kalamu chini. Aliumaliza mswada Mei 1817, akajifungua binti, Clara, tarehe 2 Septemba, na kitabu kikatoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi.

Sasa hebu tukiangalie kitabu chenyewe. Mtu anaumba kiumbe, kiumbe kinafumbua macho, na muumbaji anakimbia kwa hofu. Barua ya kwanza katika hadithi ni ya 11 Desemba, na ya mwisho ni ya 12 Septemba. Hiyo ni miezi tisa. Mwaka 1974 mhakiki wa Marekani, Ellen Moers, alieleza kwamba hii ni hadithi ya uzazi. Nami nakubali. Humo mna maswali ambayo mja mzito huona haya kuyatamka: Je, nitakufa? Je, atakufa? Na je, itakuwaje nikimtazama nisimpende?

Sitaki mtu adhani kwamba kalamu ilimkinga. La hasha. Clara alifariki Septemba 1818, William akamfuata Juni 1819. Kati ya watoto wake ni mmoja tu aliyefikia utu uzima. Kilichohitajika kuwaokoa wazazi kama Wollstonecraft kilikuwa mikono safi na madaktari wenye kusikia. Kufuma na kuandika havizuii homa. Lakini hofu isiyo na pa kwenda humla mwenye nayo, na kazi ya mikono huipa mahali pa kukaa, mwenyewe akaweza kuitazama.

Leo kliniki mama hupimwa uzito, damu na shinikizo la damu, na ni vema sana. Ila ni mara ngapi anaulizwa, "Mama, unaogopa nini?" Mimi sikuulizwa, si kliniki wala nyumbani. Swali hilo halina gharama, na mume, wifi au jirani anaweza kuliuliza.

Mama yangu hakuulizwa pia. Alifuma. Meza tuliipata mwaka 1987, na kitambaa kikaonekana kifupi, hakifiki pembeni. Mpaka leo hataki kibadilishwe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.