Mpira ulihama redioni lini? Hesabu za mtu wa programu

Niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini nimetoka Awasi juzi na kuna jambo limenikaa rohoni. Hifadhidata itangoja.

Kwa wasiopajua, Awasi ni senta iliyo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho, ukishapita Ahero, karibu na nchi ya miwa ya Chemelil na Muhoroni. Mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza baiskeli hapo. Macho yake yameharibika na siku hizi anatengeneza kwa kupapasa. Nilimkuta Jumapili saa tisa alasiri, redio iko juu ya rafu, imezimwa. Nikamuuliza, "Nera, leo husikilizi mpira?" (Nera ni mjomba kwa Kijaluo.) Akanijibu, "Okewa, siku hizi mpira ni wa kutazamwa. Sisi tusioona tunangoja kuambiwa matokeo."

Sikuwa na jibu. Hebu tulitafute pamoja.

Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, yaani VOK. Mwaka 1989 jina likarudi kuwa KBC. Miaka hiyo yote redio ya ndani ilikuwa hiyo moja, na ndiko Wakenya walikomjua Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na wenzake Salim Manga na Mohammed Juma Njuguna. Mtangazaji hodari alikuwa hakuachi gizani hata sekunde kumi: mpira uko wapi, nani anao, anaelekea goli gani, dakika ya ngapi. Sisi watu wa programu tunahangaika kubana data. Jamaa hawa walibana uwanja mzima ukaingia katika sauti ya mtu mmoja.

Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ilitoka sare na Espérance ya Tunisia 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, ikabeba kombe kwa magoli ya ugenini. Mjomba hakuwa uwanjani wala hakuwa na televisheni. Lakini muulize leo kuhusu Peter Dawo, atakueleza kama mtu aliyesimama nyuma ya goli.

Mtambo wenyewe ulifanyaje kazi? Mtangazaji alikaa uwanjani na kipaza sauti. Sauti ikasafiri kwa laini ya simu hadi studio, na kutoka studio hadi mitambo ya kurushia. Mingi ilikuwa ya masafa ya kati, yale yaliyoandikwa MW kwenye redio yako. Mawimbi hayo hutambaa na ardhi, hayazuiwi na kila kilima kama ya FM. Redio ndogo ya mawe mawili ilitosha. Na jambo kubwa: msikilizaji wa milioni hakuongeza hata senti moja kwenye gharama ya mtambo.

Basi nini kilitokea? Naona mambo matatu, na hakuna hata moja linalosema watu walichoka kusikiliza.

La kwanza, soko lilifunguliwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 leseni zikatolewa, na stesheni za FM zikaja kwa wingi, zikiwemo za lugha zetu kama Ramogi FM. Hilo lilikuwa jema, tulipata sauti nyingi. Lakini stesheni ya biashara inaishi kwa matangazo, na nusu ya mpira ni dakika 45 ambazo huwezi kuzikatiza ukauza sabuni. Muziki na watu kupiga simu studio ni rahisi zaidi kuliko kumtuma mtangazaji Chemelil.

La pili, haki za matangazo. SuperSport iliingia Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008, ikaleta kamera na pesa ambazo vilabu havikuwahi kuziona. Silaumu. Lakini shabiki akahamia kwenye ving'amuzi na vibanda vya video, na redio ikaonekana kitu cha wazee. SuperSport ilipojiondoa mwaka 2017, televisheni iliondoka ilhali mazoea ya zamani ya redio yalikuwa yameshadhoofika.

La tatu ni Ulaya. Redio zetu zilipotangaza mpira moja kwa moja, mara nyingi ilikuwa ni Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo wakati Chemelil Sugar na Muhoroni Youth walikuwa ligi kuu, mtu wa Awasi aliweza kujua kona ya Arsenal mapema kuliko goli lililofungwa jirani yake.

Tuwe wakweli: KBC bado hutangaza baadhi ya mechi, na Harambee Stars ikicheza utaisikia. Kilichopungua ni ule uhakika wa kila wikendi.

Najua utakachosema: "Si kuna intaneti?" Nami ndivyo nilivyofikiri, kazi yangu si ndiyo hiyo! Nikapiga hesabu. Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde, kwa dakika 90, ni kama megabaiti 22 kwa kila msikilizaji. Wasikilizaji 1,000 ni gigabaiti 22 kutoka kwenye seva, na kila mmoja wao ananunua bando. Mtambo wa redio haujali wako wangapi. Seva inawahesabu wote. Tena njia nyingi za kurusha mtandaoni huchelewa nusu dakika au zaidi, jirani anashangilia goli ambalo kwako bado ni kona. Na mwisho kabisa, mjomba ana simu ya mulika mwizi.

Nikaacha seva. Jumapili iliyofuata nilienda kwenye mechi ya timu za mtaani karibu na Awasi, nikaomba ruhusa kwa timu mwenyeji, nikanunua dakika za kupiga, nikampigia. Nikatangaza. Nilitangaza vibaya, wadau. Nilisahau majina, nikachanganya kushoto na kulia. Mjomba alinikatiza mara tatu: "Mpira uko wapi, okewa?" Lakini aliweka simu kwenye spika juu ya tandiko la baiskeli, na kufikia kipindi cha pili nilisikia nyuma yake watu watano au sita wakibishana na refa ambaye hawakumwona.

Nilipokata simu ndipo nikagundua nilichokifanya: mtu uwanjani na laini ya simu. Ndio ule mtambo wa VOK, ukiondoa mnara. Na minara tunayo. Stesheni ndogo za FM ziko katika kaunti nyingi, na mechi za ligi za chini hakuna anayegombania haki zake. Kinachohitajika ni simu moja, ruhusa ya timu, na mtu anayejua kushoto na kulia.

Nimeanza kuzungumza na stesheni moja huko. Wakikubali, mjomba atawasha redio yake. Mawe nimeshamnunulia.