Dughulushi: ua la Usambara unaloweza kuotesha barazani kwako

Dughulushi ni mmea mdogo wenye majani laini ya manyoya na maua ya zambarau au buluu. Ulaya na Marekani hupandwa ndani ya nyumba, lakini kwao ni kwetu: milima ya Usambara, Nguru na Uluguru nchini Tanzania, pamoja na sehemu za pwani ya Kenya.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la kisayansi, Saintpaulia, kutokana na jina la ukoo huo. Tangu hapo wafugaji wa maua wamepata aina za waridi, nyeupe na za rangi mbili.

Porini, dughulushi huota kwenye miamba yenye kivuli, mara nyingi karibu na vijito. Miti ikikatwa, jua hulipiga jabali, unyevu hupotea na mmea hufa. Kwa hiyo msiung'oe msituni. Kuchukua mimea kwenye hifadhi, kama ile ya Amani, bila kibali ni kosa. Jani moja la mmea uliopandwa nyumbani kwa jirani au kwenye kitalu linatosha.

Namna ya kuotesha

1. Chagua jani zima, lisilo changa sana wala kuukuu. Likate na kikonyo chake, urefu wa sentimita 3 hivi.
2. Toboa kopo chini, kisha lijaze mboji iliyooza vizuri na mchanga, nusu kwa nusu.
3. Chomeka kikonyo, mwagia maji kidogo, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha. Weka kivulini.
4. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 4. Miche midogo huchomoza baada ya miezi 2 au 3. Itenganishe ikishakuwa na majani kadhaa.

Matunzo

Weka kopo barazani au dirishani, penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua la mchana. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa. Ni vizuri kuweka kopo ndani ya sahani ya maji kwa nusu saa, kisha ulitoe lichuje. Subiri udongo ukauke juu kabla ya kurudia.

Majani yakipauka, jua limezidi. Yakiwa mabichi sana bila maua, mwanga ni mdogo. Shina likilainika na kuoza, maji yamezidi, na hilo ndilo linaloua dughulushi nyingi.

Mmea ukishachanua, mgawie jirani jani. Kadiri maua haya yanavyoenea majumbani, ndivyo mtu anavyokosa sababu ya kuyafuata msituni.