Nguo na Cherehani katika Ujiji

Mwanamke ashonaye nyumbani hapendi kuiuza cherehani yake ya zamani, hata akipata mpya. Huitia mafuta, huifunika kitambaa isiingie vumbi, na mtoto akichezea gurudumu lake hukemewa mara moja. Wengine humcheka wakisema, "Chuma hiki kina nini?" Sisi twaona ya kuwa mapenzi hayo yana sababu, na sababu yenyewe imo katika historia ya nguo. Basi na tuitazame katika mji wa Ujiji, maana huko nguo ina habari ndefu.

Hapo kale nguo katika Ujiji ilikuwa fedha. Burton na Speke walipofika Februari 1858, walikuwa wamesafiri zaidi ya miezi saba kutoka pwani, nao walifuata njia ya misafara ya biashara. Wapagazi walichukua mabegani merikani, iliyopewa jina la nchi ilikofumwa, na kaniki ya Bara Hindi. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Kwa nguo mtu alinunua chakula na pembe za ndovu. Na kwa nguo hiyo hiyo mtu alinunuliwa. Doti zilipimwa, na mtoto wa watu akafungwa, akapelekwa mbali asirudi tena. Habari hii ni ya huzuni, lakini haifai kuisahau. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Siku zile wengi walijifunga nguo bila kuishona, na wengine walivaa ngozi au magome ya miti yaliyopondwa. Kanzu ilishonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu.

Wakati huo huo watu wa mbali walikuwa wakitafuta mashine ya kushona. Barthélemy Thimonnier, Mfaransa, alipewa hati ya serikali kwa mashine yake mwaka 1830. Lakini mwaka uliofuata mafundi wa Paris, wakiogopa kukosa riziki, walizivunja mashine zake. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hati kwa mashine ambayo sindano yake ina tundu karibu na ncha. Siri yake ni nyuzi mbili: sindano hushuka na uzi wa juu, na chini ya kitambaa uzi wa pili hupitishwa katika kitanzi chake, kisha mshono hukazwa. Isaac Singer alipata hati yake mwaka 1851, na tangu 1856 kampuni yake iliwaruhusu wanunuzi kulipa kidogo kidogo. Kiwanda chake cha Clydebank, huko Uskoti, kilifunguliwa mwaka 1885, na katika mwaka 1913 peke yake kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliochukuliwa kwa mabega miezi mingi ukafika kwa siku chache, na vyombo vizito vya chuma vikaweza kuja bila kumwelemea mpagazi. Mafundi wanaume waliketi na cherehani zao barazani mwa maduka. Wanawake nao wakajifunza, wengine shuleni, wengine kwa mama zao.

Hapo ndipo kazi ya nguo ilipogeuka. Zamani nguo ilipita Ujiji ikienda kununua kitu. Sasa iliingia nyumbani, ikakaa. Hata leo kanga huuzwa kwa doti, na mwanamke huikata katikati na kuipinda pindo. Neno la sokoni limebaki, lakini halimpimi mtu tena. Kwa cherehani ile ile hushona sare za watoto na vitenge vya jirani, na senti zake hununua chumvi na daftari. Katika miaka ya kwanza ya 1980, nguo zilipokuwa adimu nchini, kola iliyochakaa iligeuzwa ndani nje, na gauni la mama likawa la binti.

Tena cherehani ya kale haihitaji umeme. Sehemu zake ni chuma, na parafujo zake hufunguka, ikiharibika, hutengenezwa. Mwenyewe huijua kwa sauti: mshono ukiruka, hutazama kwanza kama sindano imepinda. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa mwaka 1980, lakini cherehani nyingi zilizotoka humo zingali zikishona.

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Basi mama akikataa kuiuza cherehani yake, tusimcheke. Nguo iliyowahi kumtoa mtoto kwao, yeye kwa chombo hicho humvika mtoto nyumbani kwake.