Umbali wa Kagunga

Tulipokuwa shule ya msingi, mwalimu wa jiografia alitufundisha kupima umbali kwa uzi na rula juu ya ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa elfu moja na ushei. Kutoka Kigoma hadi kijijini kwetu Kagunga, mpakani na Burundi, hazifiki 70. Hesabu hiyo niliipata. Maana yake nilichelewa kuielewa.

Wazee wetu walihesabu umbali kwa siku na miezi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, baada ya miezi minane ya kutembea, kuugua na kungoja wapagazi. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na safari ya miezi ikawa ya siku. Baadaye ikaja ndege, siku nazo zikawa saa.

Lakini reli ilikomea Kigoma, na ndege vivyo hivyo. Kagunga imebanwa baina ya milima na ziwa, nasi tuliendelea kusafiri kwa boti za mbao kama kawaida yetu.

Julai 2008 nilipigiwa simu alfajiri, nikiwa Dar es Salaam, kwamba mama amefariki. Nilipata nafasi katika ndege ya asubuhi ile ile, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Kigoma. Nikajisemea, nimewahi. Kumbe upepo wa kusini ulikuwa umelichafua ziwa, na hakuna nahodha aliyethubutu kuondoka. Nililala ufukweni Kibirizi, nikisikiliza mawimbi. Nilifika nyumbani kesho yake, nikamkuta mjomba amesimama majini akinisubiri.

"Pole, mjomba," akaniambia. "Tulikungoja mpaka jua likainama."

Nilikuwa nimevuka nchi nzima kwa asubuhi moja, nikashindwa na kipande kile cha maji.

Mei 2015 kipande hicho hicho kiliwashinda wengi. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walijazana katika ufuko wetu mwembamba. Kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua mamia kwa kila safari na kuwapeleka Kigoma, huku maelfu wakibaki kungoja. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache tu. Kwa mgonjwa aliyelala mchangani pale, zile kilometa zisizofika 70 zilikuwa nyingi mno, na wapo waliokufa wakingoja.

Siku hizi nikiulizwa Kagunga ni mbali kiasi gani, siharakishi kutaja kilometa. Huuliza kwanza: unakwenda kwa chombo gani, na unakwenda kuwahi nini?