Filamu ya "An": Maharage, uzee na ukoma

"An" ni filamu ya Kijapani ya mwaka 2015. Iliongozwa na Naomi Kawase kutokana na riwaya ya Durian Sukegawa. "An" ni maharage madogo mekundu yaliyochemshwa, yakapondwa na kutiwa sukari. Sisi huku Ufipa maharage tunayala na ugali. Wajapani huyabana kati ya chapati mbili ndogo za maji. Kitafunwa hicho huitwa dorayaki.

Sentaro anauza dorayaki kibandani. Anakuja Bibi Tokue, miaka 76, vidole vimepinda, anaomba kazi. Maharage yake yanaleta foleni. Kisha uvumi unaenea kwamba aliugua ukoma. Wateja wanapotea, naye anaondoka. Sentaro na msichana wa shule, Wakana, wanamfuata kwenye makazi ya waliougua ukoma, alikotengwa tangu usichana wake.

Mambo hayo yalitokea kweli. Japani ilifuta sheria ya kuwatenga wagonjwa mwaka 1996, ilhali dawa zilikwishapatikana miaka mingi kabla.

Msikilizaji, ukoma si laana wala haurithiwi. Hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6 hadi 12, na hapa Tanzania ni bure. Ukiona baka lililofifia rangi na lisilo na hisia, wahi zahanati kabla vidole havijaharibika. Aliyemaliza dawa haambukizi mtu. Vidole vilivyopinda ni kovu tu. Bibi wa namna hiyo akikukaribisha chakula, nawa mikono, kaa, mle pamoja.