Mashine ya kupumulia usingizini: namna ya kuizoea badala ya kuiacha

Kwa mgonjwa aliyeandikiwa mashine ya kupumulia usingizini, usiku wa kwanza ndio mgumu. Barakoa hubana, mdomo hukauka, hewa huvuja hadi machoni, na kabla ya adhana ya alfajiri mashine imekwisha kuvuliwa na kusukumwa chini ya kitanda. Vijitabu vingi vya mashine hizo huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, hivyo msemaji wa Kiswahili wa Nyamirambo hana budi kubahatisha. Hata hivyo, karibu kila usumbufu una chanzo chake, na chanzo hicho kina dawa.

Mashine hufanya kazi gani?

Mashine hii, ambayo hospitalini hujulikana kwa herufi CPAP, ilibuniwa na Dk. Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Haipumui kwa niaba ya mgonjwa. Husukuma hewa ya kawaida kupitia mrija na barakoa ili koo lisijifunge.

Mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini huzibwa koo kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena. Ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, maradhi huhesabiwa kuwa makali. Huandamana na shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, na usingizi wa mchana ambao ni hatari kubwa kwa dereva wa gari au teksi-moto. Mashine hukinga pale tu inapovaliwa.

Barakoa inayobana au kuvuja

Wengi hukaza mikanda hewa inapovuja, na kukaza huko huleta vidonda juu ya pua. Inafaa kulegeza mikanda, kulala chali huku mashine ikifanya kazi, kisha kuirekebisha kidogokidogo. Uso uoshwe kabla ya kulala. Aliyetia udhu kwa sala ya Isha aukaushe vizuri, wala asipake mafuta mahali barakoa inapogusa. Ndevu nyingi na misuko minene huzuia barakoa kukaa sawa. Pakiwa na kidonda, saizi au aina nyingine ya barakoa huhitajika.

Anayehisi kukabwa aivae mchana akiwa macho, kwa dakika 15 hadi 30, huku akisikiliza redio. Baadaye aivae katika usingizi mfupi wa mchana, kisha usiku kucha.

Ukavu wa pua na mdomo

Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta hewa kavu na vumbi Kigali. Chombo cha unyevu cha mashine kiongezwe kiwango, na chujio likaguliwe mara kwa mara. Maji yanayofaa ni yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa madini kwa kugeuzwa mvuke, nayo yabadilishwe kila siku. Maji ya betri yanayouzwa gereji yasitumike kamwe, kwa kuwa baadhi yake huwa na tindikali. Mdomo ukiendelea kukauka, huenda mgonjwa anaachama usingizini na anahitaji barakoa inayofunika pua na mdomo.

Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini, na mrija kila juma, kisha vikaushwe kivulini.

Hewa nyingi na tumbo kujaa

Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza na msukumo mdogo unaopanda polepole mgonjwa anapopata usingizi. Tumbo likijaa hewa, kuinua kichwa au kulala ubavu husaidia. Kiwango cha msukumo hubadilishwa na daktari, si jirani wala mgonjwa mwenyewe.

Umeme ukikatika, na mwezi wa Ramadhani

Hofu ya kukosa hewa umeme unapokatika ni ya kawaida, lakini barakoa hizi zina matundu ya kutolea hewa. Mgonjwa aivue na kulala ubavu hadi umeme urudi. Katika Ramadhani, anayeamka kula daku na kurudi kulala aivae tena, kwa sababu koo huziba katika usingizi wa asubuhi kama ulivyo ule wa usiku wa manane.

Mashine iliyokwisha kutumika

Jamaa walio ughaibuni hutuma mashine kuukuu. Kwanza ithibitishwe kuwa inapokea umeme wa volti 230 unaotumika Rwanda. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya mashine za zamani hulazimu kurekebishwa kulingana na mwinuko. Aidha, mnamo Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine kwa kuwa sponji ya ndani yake ingeweza kumomonyoka, hivyo namba ya kifaa ichunguzwe kabla ya kutumiwa.

Wakati wa kumwona daktari

Kutokwa damu puani mara kwa mara, kidonda kisichopona, maumivu ya kifua, au usingizi wa mchana unaoendelea licha ya kuvaa mashine ni sababu za kurudi kwa daktari bila kuchelewa. Mgonjwa aende na mashine pamoja na barakoa yake. Nyingi huhifadhi kumbukumbu za kila usiku, na humo daktari huona ni saa ngapi ilivaliwa na hewa ilivuja kiasi gani.